Kinachofanya Soda Itoe Gesi, na Namna ya Kutia Gesi Hiyo Kwenye Maji Mwenyewe: Mwongozo Kamili

Chupa ya soda iliyofungwa na kutulia haina kiputo hata kimoja. Inyanyue uitazame kwenye mwanga. Gesi yote imo humo ndani, ila huioni kwa sababu imeyeyuka, molekuli zake zimesambaa moja moja katikati ya molekuli za maji. Kifuniko kikilegezwa ndipo viputo huzaliwa. Yaani viputo tunavyovifurahia ni gesi ambayo tayari imeanza kutoroka, na kinywaji kizuri ni kile ambacho gesi yake huchelewa kutoroka hadi ifike mdomoni.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutia gesi kwenye maji kwa mikono yake na kujua, kwa kila hatua, kinachotendeka ndani ya chupa. Vifaa ni vichache na kemia yake inaeleweka na yeyote. Ninachokuomba ni usiruke hesabu. Hesabu ndizo zinazokulinda chupa isipasuke, na ndizo zinazoeleza kwa nini maji ya mwenzako yanachoma ulimi na yako yamepooza.

Kwa nini kaboni dayoksaidi

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini tusisukumie hewa ya kawaida tu kwenye maji. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya hewa ni nitrojeni, na nitrojeni huyeyuka kwenye maji kwa kiwango kidogo mno. Kaboni dayoksaidi huyeyuka takriban mara 50 zaidi yake. Oksijeni nayo huachwa nyuma kwa zaidi ya mara 20.

Sababu ya pili ni ladha. Sehemu ndogo ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka huungana na maji kuwa asidi ya kaboniki, nayo huachia ioni za haidrojeni zinazoleta uchachu:

CO₂ + H₂O ⇌ H₂CO₃ ⇌ H⁺ + HCO₃⁻

Nimesema sehemu ndogo, na ni ndogo kweli. Kwenye nyuzi joto 25, katika kila molekuli mia sita hivi za gesi iliyoyeyuka, ni moja tu iliyo katika umbo la asidi ya kaboniki. Zilizobaki ni gesi ileile, haijabadilika. Hata hivyo kiasi hicho kidogo kinatosha kushusha pH ya maji yenye gesi (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) hadi karibu na 4. Soda za kola hushuka zaidi, karibu na 2.5, lakini hapo kinachofanya kazi hasa ni asidi ya fosforiki iliyoongezwa kiwandani.

Mchomo unaousikia kwenye ulimi hautokani hasa na viputo kugonga ngozi, ingawa wengi huamini hivyo. Watu wamewahi kunywa maji yenye gesi wakiwa ndani ya chumba chenye mgandamizo mkubwa, ambamo viputo haviwezi kutokea, na bado wakasikia mchomo uleule. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli za ulimi zinazoonja uchachu zina kimeng'enya, kaboniki anhidrasi, kinachogeuza kaboni dayoksaidi kuwa asidi papo hapo. Juu ya hapo, asidi hiyo huamsha mishipa ya fahamu ya maumivu, ileile inayolalamika ukila haradali kali. Kwa hiyo lengo letu si kupata viputo vingi vya kutazama. Ni kupata gesi nyingi iliyoyeyuka na iliyobaki imeyeyuka.

Kanuni inayotawala kila hatua

Mwaka 1803 mwanakemia Mwingereza William Henry alieleza kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye kimiminika hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo juu yake. Ongeza mgandamizo mara mbili, gesi iliyoyeyuka huongezeka mara mbili. Vipimo vyangu hapa viko kwa atmosfia, na atmosfia 1 ni mgandamizo wa hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari.

Chini ya kaboni dayoksaidi tupu yenye mgandamizo wa atmosfia 1, lita moja ya maji yenye nyuzi 30 hushika kama gramu 1.3 za gesi. Kwenye nyuzi 20 hushika 1.7. Kwenye nyuzi 5 hushika 2.8, na karibu na kuganda hufikia kama 3.3. Soma tena namba hizo. Kutoka nyuzi 30 hadi 5 umepata zaidi ya mara mbili ya gesi bila kuongeza mgandamizo hata kidogo, na bila hatari yoyote.

Soda nyingi za viwandani zina kati ya gramu 6 na 8 kwa lita. Chukua yenye gramu 6.8. Kwenye nyuzi 20 mgandamizo ndani ya chupa ni kama atmosfia 4. Iweke kwenye friji ya nyuzi 5, unashuka hadi karibu 2.4. Iache kwenye joto la nyuzi 30, unapita 5. Chupa ni ileile na gesi ni ileile. Ndiyo maana soda ya moto humwagika ikifunguliwa na ya baridi hutulia, na ndiyo maana nasisitiza ubaridi kwanza, mgandamizo baadaye. Wengi hufanya kinyume: huongeza unga wa kutoa gesi wakati maji yao bado yana joto la chumbani.

Vifaa

Utahitaji chupa mbili za plastiki za lita 1.5 zilizowahi kubeba soda. Chupa nyembamba za maji ya kunywa hazifai, hazikutengenezwa kubeba mgandamizo. Usitumie kioo kabisa, hata kiwe kinene: plastiki ikishindwa huvimba au kuchanika, kioo hurusha vipande. Kagua chupa zote mbili na uache zenye mkwaruzo mkubwa, mkunjo mweupe, au zilizowahi kuoshwa kwa maji ya moto sana.

Tafuta pia mpira mwembamba laini unaofaa kwa vyakula, urefu wa nusu mita na kipenyo cha milimita 6 hivi, kibano cha kuubana, mizani ndogo ya jikoni, karatasi ya tishu, vifuniko vya ziada, na miwani ya kukinga macho. Miwani uivae kweli.

Vya kutengenezea gesi ni magadi soda ya kupikia, yaani bikaboneti ya sodiamu, na asidi ya sitriki, zile chenga nyeupe zenye uchachu wa ndimu. Soma lebo kwa makini. Kostiki soda ni kitu kingine kabisa, huunguza mwili, na haina kazi hapa. Baking poda nayo haifai kwa vile tayari imechanganywa na asidi na wanga.

Hatua ya 1: Poza maji

Pima lita 1 ya maji safi, yatie kwenye chupa ya kwanza, yaache kwenye friji usiku kucha. Kama maji yako yana takataka ndogondogo, yachuje kwanza. Kila chembe inayoelea itakuwa mahali pa kuzalia viputo baadaye, na nitaeleza kwa nini tukifika kwenye kumimina.

Hatua ya 2: Unganisha chupa

Toboa kila kifuniko tundu dogo kidogo kuliko mpira. Kata ncha ya mpira kwa mshazari, ipitishe, kisha ivute kwa koleo hadi sentimita mbili hivi zitokeze upande wa ndani. Mpira uwe umebanwa sana na tundu. Funga vifuniko kwenye chupa tupu, zitumbukize shingo ndani ya beseni la maji, na uziminye. Viputo vikitoka kwenye tundu, kifuniko hicho hakifai, tengeneza kingine.

Hatua ya 3: Pima unga

Hapa ndipo hesabu inapolipa. Magadi soda na asidi ya sitriki hukutana hivi:

3 NaHCO₃ + C₆H₈O₇ → Na₃C₆H₅O₇ + 3 CO₂ + 3 H₂O

Kwa uzito, gramu 252 za magadi soda huhitaji gramu 192 za asidi, nazo hutoa gramu 132 za gesi. Tukipunguza: gramu 15 za magadi soda kwa gramu 12 za asidi (nimeongeza asidi kidogo ili magadi yote yaishe) zitatupa karibu gramu 8 za kaboni dayoksaidi, ambazo zikiwa huru kwenye joto la chumbani zingejaza zaidi ya lita 4.

Kipimo hiki nimekichagua kwa sababu moja. Tuseme mpira umeziba na gesi yote imebaki kwenye chupa ya unga yenye robo lita ya maji. Mgandamizo wa jumla humo utafika karibu atmosfia 4, sawa na uliokuwamo chupa hiyo ilipokuwa na soda kwenye joto la chumbani. Kwa hiyo hata mambo yakiharibika, chupa inabeba mzigo iliyouzoea. Ukiongeza unga mara mbili ulinzi huo umeuondoa. Usiongeze. Ukitaka gesi zaidi, rudia raundi, kama nitakavyoonyesha.

Kwa sababu hiyohiyo, usijaribu kamwe kufungia barafu kavu ndani ya chupa. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyoganda, hugeuka gesi kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na kipande kidogo tu hutoa gesi inayotosha kuilipua chupa.

Hatua ya 4: Andaa chupa ya gesi

Yeyusha gramu 12 za asidi kwenye robo lita ya maji ya kawaida ndani ya chupa ya pili. Weka gramu 15 za magadi soda katikati ya karatasi ya tishu, viringisha iwe nyembamba kama kidole, kunja ncha zote mbili. Karatasi italowa polepole na kukupa sekunde za kufunga kifuniko kabla gesi haijaanza kutoka kwa nguvu.

Mbinu ya kutengeneza gesi kwenye chombo kimoja na kuipeleka kwenye kingine ina umri mrefu. Joseph Priestley aliyeishi Leeds, Uingereza, alianza mwaka 1767 kwa kutumia gesi iliyotanda juu ya mapipa ya kiwanda cha bia, na mwaka 1772 akachapisha maelezo ya kuitengeneza kwa chaki na asidi ya salfa. Johann Jacob Schweppe aliigeuza kuwa biashara mjini Geneva mwaka 1783. Asidi ya sitriki ni mpole kuliko ya salfa, na chumvi inayobaki, sitrati ya sodiamu, haina sumu. Lakini inabaki kwenye chupa ya pili, haiingii kwenye maji yako, na hilo ndilo linalofanya njia hii iwe bora kuliko kumwaga unga moja kwa moja kwenye glasi. Ukimwaga kwenye glasi, unakunywa chumvi, na kwa kuwa glasi iko wazi, maji yenye nyuzi 20 hayawezi kubaki na zaidi ya zile gramu 1.7 hata utie unga kiasi gani.

Hatua ya 5: Toa hewa, achilia gesi

Itoe chupa ya maji kwenye friji, iminye hadi maji yakaribie mdomo, kisha funga kifuniko ikiwa bado imeminywa. Hewa iliyobaki ndani haizuii kaboni dayoksaidi kuyeyuka, ila inaongeza mgandamizo wa bure kwenye chupa, na kidogo inayoyeyuka huwa ya kwanza kurudi kuwa viputo. Viwandani pia maji huondolewa hewa kabla ya kutiwa gesi.

Tumbukiza kifurushi cha magadi kwenye chupa ya pili, funga haraka na kwa nguvu. Chupa ya maji itaanza kujinyoosha. Ikijaa mara ya kwanza, legeza kifuniko chake kidogo, iminye tena, funga. Umefukuza hewa iliyotoka kwenye chupa ya unga.

Sasa iguse chupa ya unga: imepoa. Mmenyuko huu hunyonya joto kutoka kwenye maji yanayouzunguka. Iache imesimama wima wakati wote, maji ya chumvi yasije yakapita kwenye mpira.

Hatua ya 6: Tikisa

Usipotikisa, kazi yote imepotea. Gesi huingia kwenye maji kupitia uso wa juu tu, na kwa kusambaa peke yake, maji yakiwa yametulia kabisa, ingechukua wiki kadhaa kushuka sentimita 10. Kutikisa hupasua uso huo kuwa maelfu ya nyuso ndogo. Shika chupa ya maji, itikise kwa nguvu kwa dakika mbili au tatu, huku ya unga imesimama. Utaiona ikilegea kidogo, halafu inakaza tena. Kulegea huko ni gesi inayoingia majini, na kukaza ni gesi mpya inayofika.

Chupa ikiacha kulegea unapotikisa, raundi imekwisha. Maji yako sasa yana kama gramu 3 kwa lita, mchomo mpole. Kwa raundi ya pili, bana mpira kwa kibano, fungua chupa ya unga polepole, imwage, andaa unga mpya kwa kipimo kilekile, funga, ondoa kibano, tikisa. Utafika karibu gramu 5. Raundi ya tatu itakupeleka kidogo juu ya 6, na hapo uko sawa na soda nyingi za dukani. Faida ya kila raundi inapungua, kwa hiyo sioni sababu ya kwenda ya nne. Ni heri kati ya raundi urudishe chupa ya maji kwenye friji kwa nusu saa, kwa sababu kuishika mikononi kumeipasha joto.

Hatua ya 7: Pumzisha, kisha pima

Bana mpira, weka chupa kwenye friji saa moja au mbili mpira ukiwa bado umebanwa, kisha badilisha kifuniko kwa kile kizima, upesi. Ukifungua mara tu baada ya kutikisa, maji yatakurukia, na si kwa sababu mgandamizo umepanda. Kutikisa kumetawanya viputo vidogo kila mahali ndani ya maji. Ukifungua, vyote vinavimba kwa pamoja na kuyasukuma maji nje. Vikipewa muda, vingine hupanda juu na vingine huyeyuka.

Kama unapenda uhakika, mizani itakuambia. Pima chupa yenye maji na kifuniko chake kizima kabla ya hatua ya 5, pima tena baada ya hatua ya 7. Tofauti ni gesi uliyoitia, pamoja na ile iliyo kwenye nafasi ya juu. Jaribu na soda ya dukani pia: chupa ya nusu lita itapoteza gramu 3 au 4 ikiachwa wazi hadi ipooze, kwa sababu kaboni dayoksaidi ni chache sana hewani kiasi kwamba lita moja ya maji ikitulia nayo hubaki na chini ya miligramu moja.

Hatua ya 8: Mimina

Kiputo hakizaliwi kirahisi. Mvutano wa uso wa maji hukibana kila upande, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo kinavyobanwa zaidi. Chenye nusu kipenyo cha mikromita 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita, hubanwa kwa atmosfia 1.4 za ziada, chenye sehemu ya kumi ya hapo hubanwa kwa 14. Kiputo kinachojaribu kuanza kutoka sifuri kinapondwa kabla hakijakua. Kwa hiyo viputo huanzia mahali ambapo tayari pana hewa iliyonaswa: ndani ya nyuzi za kitambaa zilizobaki kwenye glasi, kwenye mikwaruzo, kwenye vumbi. Pipi za Mentos huirusha soda nje ya chupa kwa sababu uso wake umejaa vishimo vidogo na huzama haraka hadi chini.

Basi tumia glasi safi, isuuze kwa maji baridi, usiifute kwa kitambaa. Iinamishe umimine ukutani. Kama unatia barafu, isuuze kwanza ili chenga za juu ziondoke. Shira au juisi itangulie kwenye glasi, maji ya gesi yafuate polepole, ukoroge mara moja tu. Kuitia shira kwenye chupa na kuitikisa pamoja na gesi kutakuletea povu usiloweza kulizuia.

Kuhifadhi

Kuminya chupa iliyobaki nusu ili kutoa hewa, kisha kuifunga, hakusaidii. Kinachoamua ni kaboni dayoksaidi iliyo juu ya maji, na hewa haihesabiwi. Chupa iliyominywa itajinyoosha kwa gesi iliyotoka kwenye maji yako, na mwisho nafasi ni ileile. Chukua lita 1 ya maji yenye gramu 6 ndani ya chupa ya lita 2, kwenye nyuzi 5: kabla ya kutulia, kama gramu 2.4 zitakuwa zimehamia kwenye nafasi iliyo wazi. Fungua tena kesho, hizo zinaondoka, na nyingine zinahama kuzifidia.

Kinachosaidia ni kupunguza nafasi hiyo tangu mwanzo. Gawa maji yako ya gesi kwenye chupa ndogo za soda siku ileile, yakiwa baridi kabisa, ukimimina polepole kupitia ukuta wa chupa, na ujaze hadi karibu na mdomo. Utapoteza kidogo wakati wa kumimina, lakini kila utakapofungua chupa utaimaliza. Plastiki yenyewe hupitisha gesi taratibu, na chupa ndogo huipitisha upesi kuliko kubwa, kwa hiyo zinywe ndani ya siku chache.